Mmempima Mwanamke Vya Kutosha, Sasa Pimeni Mlango

Mwanamke wa Kenya amepimwa kuliko kitambaa cha arusi. Amepimwa elimu, amepimwa kipato, amepimwa idadi ya watoto, amepimwa hata kiwango cha kujiamini, kutoka moja hadi tano. Kila uchaguzi ukikaribia, wapimaji hurudi. Wanakuja na hojaji, na simu ya kurekodi sauti, na karatasi ya kutia sahihi ili upewe nauli. Wanamketisha kwenye kiti cha plastiki na kumwuliza swali lile lile waliloliuliza mama yake: ni nini kinachokuzuia kushiriki katika siasa?

Halafu wanaenda kuandika ripoti. Ripoti inazinduliwa kwenye hoteli ya Nairobi. Kuna bango, kuna chai ya saa nne na sambusa mbili kwa kila mgeni, kuna mheshimiwa aliyechelewa ambaye anasoma hotuba na kuondoka kabla ya maswali. Katikati ya ripoti kuna orodha ya changamoto. Unaijua hiyo orodha hata kama hujawahi kuishika mkononi: mila na desturi, umaskini, majukumu ya nyumbani, elimu duni, kukosa ujasiri, wanawake kutopendana. Ukurasa wa mwisho una mapendekezo: wanawake wahamasishwe, wajengewe uwezo, wapewe mafunzo ya uongozi. Na utafiti zaidi ufanywe.

Mimi nasema utafiti zaidi usifanywe. Angalau si huu.

Sisemi hivi kwa sababu nachukia vitabu. Bila wale waliokaa chini kuhesabu, tusingejua kwamba uchaguzi wa 2013 haukutupa gavana hata mmoja mwanamke, wala seneta wa kuchaguliwa. Tusingejua kwamba kati ya maeneo bunge 290, wanawake walishinda 16 mwaka huo, 23 mwaka 2017, na 30 hivi mwaka 2022. Hizo hesabu ni silaha na waliozitafuta walifanya kazi ya maana. Ugomvi wangu ni na hatua inayofuata. Ukishajua kwamba watu mia mbili na ushee kati ya 290 ni wanaume, kwa nini unachukua begi lako na kwenda kumhoji mwanamke? Si yeye aliyekaa kwenye hivyo viti.

Ukiona mtu amesimama nje ya nyumba iliyofungwa kwa ndani, humpimi urefu wa miguu ili ujue kwa nini hajaingia. Unauliza nani ana ufunguo.

Nimewahi kubeba hizo hojaji mimi mwenyewe, kibarua cha wiki mbili, malipo kwa kila fomu iliyojaa. Kazi ni kazi. Katika mtaa mmoja wa Nairobi nilielekezwa kwa mama aliyekuwa amewania kiti cha MCA akaangushwa kwenye mchujo. Tukafika swali linalouliza kama anadhani ana ujuzi wa kutosha kuongoza. Akanitazama kwa muda, mikono bado imeshika sukumawiki aliyokuwa anakata.

"Mwanangu," akasema, "yule aliyepewa cheti alikuwa anashikiliwa na vijana wake jukwaani asianguke, na ilikuwa saa tano asubuhi. Hilo swali mlimwuliza na yeye?"

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Hayuko kwenye orodha yetu."

"Basi andika hivyo."

Fomu haikuwa na mahali pa kuandika hivyo. Ilikuwa na visanduku vitatu: Ndiyo, Hapana, Sina hakika.

Hiki ndicho kiini cha shida. Tafiti nyingi za "ushiriki wa wanawake" zimeshajibu swali lao kabla hazijaliuliza. Ukimchunguza mwanamke peke yake, sababu zote utakazopata zitakuwa ndani ya mwanamke, au nyumbani kwake, au kwenye mila za bibi yake. Hutapata chama ndani ya mama anayekata sukumawiki. Hutapata kinara wa chama, wala ile bahasha, wala wale vijana waliotumwa kuvuruga kituo. Hao hawakuwa kwenye sampuli.

Na dawa inafuata ugonjwa ulioandikwa. Ukiandika kwamba ugonjwa ni kukosa ujasiri, dawa itakuwa semina ya ujasiri. Tumefanya semina hizo tangu enzi za vyama vingi kuanza. Kuna wanawake nchini wenye vyeti vya mafunzo ya uongozi vya kujaza ukuta mzima, na bado wanasubiri cheti kimoja tu, kile cha uteuzi wa chama.

Hebu tuijaribu hiyo orodha ya changamoto kwa watu halisi.

Mila na desturi. Mwaka 1965 Kisumu ilipata meya mwanamke, Grace Onyango. Mwaka 1969 wapiga kura wa Kisumu wakampeleka Bungeni, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya. Hapo hapakuwa na semina, hapakuwa na mradi wa miaka mitatu wa kubadilisha mitazamo. Ikiwa mila ndiyo ukuta, Kisumu ya 1969 iliuruka vipi, na Nairobi ya leo yenye intaneti na mabaraza ya wasomi inashindwa vipi? Hadi sasa Nairobi haijawahi kuchagua gavana mwanamke.

Kukosa ujasiri. Chelagat Mutai alichaguliwa mbunge wa Eldoret Kaskazini mwaka 1974 akiwa hajafika hata miaka 26. Aliongea kuhusu ardhi, aliongea kuhusu wakubwa, na mwaka 1976 akafungwa jela. Baadaye, mwaka 1981, akakimbilia Tanzania. Sasa niambie, huyo angejaza vipi ile fomu? Ujasiri: tano kati ya tano. Kilichomtoa Bungeni kilikuwa na korokoroni na ufunguo wa chuma.

Elimu duni. Wangari Maathai alikuwa na shahada ya uzamifu, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 1982 alijiuzulu kazi Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee kiti cha ubunge kwenye uchaguzi mdogo huko Nyeri. Akazuiwa kwa madai kwamba hakuwa amejisajili kama mpiga kura inavyotakiwa. Alipotaka kurudi kazini, nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. Mwaka 1997 akawania urais pamoja na kiti cha Tetu, na muda mfupi kabla ya kura ikatangazwa kwamba amejiondoa. Yeye mwenyewe hakuwa amejiondoa. Chama chake ndicho kilichomwondoa bila kumwambia. Mwaka 2002, akiwa na tiketi ya NARC, watu wa Tetu wakampa asilimia 98 ya kura. Watu wale wale, milima ile ile, mila zile zile, miaka mitano tu baadaye. Kuna mtu anaweza kuniambia kwamba katika hiyo miaka mitano Maathai alijengewa uwezo?

Kilichobadilika ni mlango. Chama kilichokuwa mbele kilimshika mkono badala ya kumsukuma nje.

Mwaka huo huo wa 1997, Phoebe Asiyo alipeleka Bungeni hoja ya kutaka viti vitengewe wanawake. Wabunge wakaiangusha. Nataka ukumbuke hilo kwa sababu ndiyo filamu ambayo tumekuwa tukiionyeshwa tena na tena tangu hapo, waigizaji tu ndio wanaobadilika.

Ikaja Katiba ya 2010. Ibara ya 27 na ya 81 zinasema bila kumung'unya: katika vyombo vya umma, wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Si maombi, ni Katiba. Wanasheria wakauliza, itatekelezwa vipi kwenye Bunge? Desemba 2012 Mahakama ya Juu ikasema itekelezwe hatua kwa hatua, lakini sheria iwe tayari kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana na wenzake. Yeye aliona kanuni hiyo ilipaswa kutumika mara moja, kwenye uchaguzi wa 2013. Leo ukitazama nyuma utajua nani alikuwa anawajua wabunge wetu vizuri zaidi.

Agosti 2015 ikafika. Wabunge wakajiongezea mwaka mmoja. Mwishoni mwa Aprili 2016 mswada ukapigiwa kura. Ulihitaji kura 233, ukapata 195. Ukarudishwa wiki iliyofuata, kwa matumaini kwamba waheshimiwa watakuwa wamepigiwa simu na wake zao, na mama zao, na dhamiri zao. Ukapata 178. Zilipungua! Machi 2017 Mahakama Kuu ikalipa Bunge siku 60 kutunga sheria hiyo. Siku 60 zikapita kama matatu inavyopita stejini imejaa. Novemba 2018 kura ikaahirishwa kwa sababu wabunge walikuwa hawatoshi ukumbini. Februari 2019 ikapigwa: 174.

Piga hesabu. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika. Mia moja na sabini na wanne walisema ndiyo. Waliosimama wakasema hapana waziwazi walikuwa wachache mno. Wengine walikuwa wapi? Hapo ndipo pana utafiti wa shahada nzima. Kwenye kura za marupurupu yao ukumbi hujaa. Kura ya haki ya nusu ya nchi ikija, kila mtu ana mazishi kijijini.

Nionyeshe ripoti iliyowafuata hao. Nionyeshe hojaji iliyomkuta mheshimiwa ofisini kwake na kumwuliza: siku ile ulikuwa wapi? Nani alikwambia usije? Kwa kiwango cha moja hadi tano, unajiamini kiasi gani kwamba ungeshinda kiti chako kama chama chako kingelazimika kuteua wanawake katika theluthi moja ya maeneo? Hilo ndilo swali la kujiamini ninalotaka kuona likiulizwa.

Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga akamwandikia Rais Uhuru Kenyatta ushauri kwamba alivunje Bunge, kwa kuwa Katiba yenyewe, kwenye Ibara ya 261, inaamuru hivyo Bunge likikataa kutunga sheria. Nchi ikatetemeka kwa siku tatu. Mahakama Kuu ikasimamisha ushauri huo, Bunge likabaki, mishahara ikaendelea. Na unajua kilichofuata baada ya uchaguzi wa 2022? Mwaka 2023 kikaundwa kikosi kazi. Kikazunguka, kikasikiliza maoni, kikatoa ripoti mwaka 2024. Ripoti nyingine tena! Yaani mtu amekuibia, umemshika, mahakama imesema ni mwizi, halafu inaundwa kamati ichunguze kwa nini wewe huna simu.

Sasa tuje kwenye mlango wenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaishi mjini na tunadhani uchaguzi ni siku ile ya Agosti, foleni asubuhi, wino kidoleni, selfi. Katika sehemu kubwa ya nchi hii uchaguzi huwa umekwisha miezi minne kabla. Kila eneo lina chama chake kinachovuma. Ukipata cheti cha chama hicho, Agosti ni sherehe ya kuthibitisha. Ukikikosa, unaenda kuwa mgombea huru na kuuza shamba.

Cheti hicho kinapatikana vipi? Wakati mwingine kuna mchujo, yaani kura ya wanachama, ambapo masanduku huchelewa, daftari hupotea, na vijana waliolipwa mia tano mia tano huja kuhakikisha kwamba foleni ya upande fulani imetawanyika. Mwaka 2017, wakati wa mchujo, nyumba ya mbunge Millie Odhiambo huko Mbita iliteketezwa na mlinzi wake akauawa. Huyo alikuwa mbunge tayari, mwanasheria, mtu anayejulikana nchi nzima kwa ulimi mkali. Yule asiyejulikana anachomewa nini?

Wakati mwingine hakuna kura. Kuna "maelewano". Wagombea wanaitwa hotelini, wanaketishwa na wazee wa chama, na anatafutwa wa kumwachia mwenzake. Hapo mwanamke huambiwa sentensi ambayo nimeisikia kwa njia nyingi lakini maana yake ni moja: mama, si una kiti chako? Wanamaanisha kile cha Mwakilishi wa Wanawake. Viti 47 vilivyowekwa na Katiba viwe ngazi ya kupandia vimegeuzwa kuwa zizi. Mwanamke akitaka ubunge wa kawaida anaonekana ana tamaa, amekula chake na sasa anamezea cha mwanaume. Hakuna aliyewahi kumwambia mwanaume kwamba viti 290 ni vya kila mtu, kwa hiyo apishe.

Halafu kuna pesa. Tume ya uchaguzi humtoza mwanamke nusu ya ada ya kugombea. Ni jambo jema, nashukuru. Lakini ada ndiyo senti ndogo kuliko zote. Pesa yenyewe iko kwenye magari, mafuta, mawakala wa kila kituo, michango ya makanisa na mazishi, na vile vikundi ambavyo haviwezi kukusikiliza bila "kitu kidogo cha maji". Sheria ya kudhibiti gharama za kampeni ilitungwa mwaka 2013. Uchaguzi mkuu wa 2017 ukaja na wa 2022 ukaja, na hakuna hata mmoja uliofanywa na kikomo kilichofuatwa. Wanaopaswa kuipa nguvu sheria hiyo ndio waliotumia pesa nyingi zaidi. Kisha tunamwendea mwanamke na fomu tukiandika kwamba changamoto yake ni umaskini. Huyo si maskini, jamani. Ana duka, ana mshahara wa ualimu, ana ng'ombe watatu. Amewekwa kwenye mnada ambao bei yake inapandishwa na watu wanaotumia pesa zisizo zao.

Najua kuna mtu anayesoma haya na kidole kimeshaanza kuandika: lakini wanawake wenyewe ndio hawawapigii wanawake kura! Mwaka 2022 tulikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 22, wanawake takriban asilimia 49. Wangetaka, si wangejaza Bunge?

Ndugu yangu, mpiga kura huchagua kutoka kwenye karatasi aliyopewa. Kama karatasi ina wanaume sita na mwanamke mmoja wa chama kisichojulikana, unataka huyo mama wa Turbo au wa Rangwe afanye nini? Na tufikirie hoja yenyewe. Kila uchaguzi, maelfu ya wanaume hushindwa na wanaume wenzao. Wanaume wengi mno huenda kituoni na kumnyima kura mwanaume. Sijaona kongamano hata moja la kujadili kwa nini wanaume hawapendani.

Tazama Nakuru mwaka 2022. Gavana mwanamke, Susan Kihika. Seneta mwanamke, Tabitha Karanja. Wabunge wanawake Naivasha, Gilgil, Njoro, Bahati. Kaunti moja! Nakuru haina mila za ajabu, na wanawake wake hawanywi maji tofauti. Wengi wa walioshinda walikuwa na kile kitu ambacho wenzao wa kaunti nyingine hunyimwa: tiketi ya chama kilichokuwa kinavuma. Mpiga kura alipoletewa karatasi yenye jina la mwanamke kwenye chama chake, hakushtuka. Aliweka alama akaenda zake.

Kuna na hoja nyingine, na hii ina uzito zaidi. Inasema: hata wakiingia, wanakuwa kama wengine. Watapitisha kodi zile zile, watakula na wale wale. Kizazi kilichokuwa barabarani Juni 2024 kinajua kwamba kwenye orodha ya waliounga mkono mswada wa fedha kulikuwa na majina ya wanawake. Ni kweli. Siwezi kukuuzia hadithi kwamba mwanamke akishika usukani gari linakuwa la malaika. Ila haki ya kuwakilishwa haikuwahi kuwa zawadi ya utakatifu. Kama tungewadai wanaume usafi ndipo waingie Bungeni, lile jengo lingekuwa maktaba sasa hivi.

Tena hoja hiyo inatuonyesha kwa nini namba peke yake haitoshi, na kwa nini lazima tuchunguze anayechagua. Kwenye mabunge ya kaunti kanuni ya theluthi mbili inatimizwa. Kati ya wadi 1,450 nchini, wanawake wanaochaguliwa hawafiki hata mmoja kwa kumi, kwa hiyo pengo linajazwa na wanaoteuliwa. Mtaani wanaitwa "Bonga Points". Inachekesha mpaka ukumbuke ni nani anaandika hiyo orodha ya uteuzi. Ni makao makuu ya chama, wasee wale wale walioshika ufunguo kwenye mchujo. MCA wa kuteuliwa akipiga kura kinyume na alivyoagizwa, anajua barua ya kumtimua inaweza kuchapwa kabla hajafika kwenye gari. Kwa hiyo mlango ule ule uliomfungia nje mwanamke wa kwanza ndio uliomwingiza wa pili, kwa masharti. Ukimpima huyu wa pili peke yake utaandika "utendaji hafifu". Ukipima mlango utaandika jina la mwenye ufunguo.

Watu hupenda kutaja Rwanda hapa. Tuitaje, lakini tuitaje vizuri. Katiba yao ya 2003 iliweka wanawake wasiopungua asilimia 30, ikatenga viti, na mwaka 2008 lilikuwa bunge la kwanza duniani kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Kwamba bunge likijaa wanawake linakuwa bunge lenye uhuru, hilo ni swali lingine na Rwanda haijalijibu. Ila inajibu hili dogo: nambari ilibadilika sheria ilipofuatwa. Hawakusubiri kila mwanamke wa Rwanda apate alama tano kati ya tano za kujiamini.

Basi, wewe uliye mwaka wa nne unatafuta mada ya tasnifu, au uliyepata kakazi kwenye shirika linaloandika mapendekezo kwa wafadhili, sikuachi mikono mitupu. Kazi ipo tele.

Chukua zile kura za 2016 na 2019. Kumbukumbu za Bunge zipo, ni mali ya umma. Andika mbunge mmoja mmoja: alikuwepo, hakuwepo, alisema nini. Kisha fuatilia wangapi walirudishwa na vyama vyao mwaka 2017 na 2022. Tujue kama kuna aliyewahi kuadhibiwa kwa kutokuwepo.

Chukua Hazina ya Vyama vya Siasa, pesa za ushuru wako wa unga na bando. Sheria inasema chama ambacho zaidi ya theluthi mbili ya maafisa wake waliosajiliwa ni wa jinsia moja hakistahili kupata kitu. Inasema pia asilimia 15 igawanywe kwa kuangalia waliochaguliwa kutoka makundi maalumu, wanawake wakiwemo. Nenda uulize pesa hizo zikishaingia chamani zinafanya nini. Zimewahi kununua mafuta ya gari la mgombea mwanamke hata mmoja? Au zinalipa kodi ya ofisi na walinzi wa kinara?

Chukua vyeti. Chagua kaunti moja, andika kila mwanamke aliyeomba tiketi, aliyeipata, aliyenyang'anywa, na sahihi iliyokuwa kwenye cheti kilichopewa mwingine. Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2017 kwamba vyama navyo vinafungwa na theluthi mbili vinapoteua wagombea. Mei 2022 tume ya uchaguzi ikatangaza itakataa orodha za vyama visivyofuata, mahakama ikaizuia. Nani alinufaika na kizuizi hicho? Orodha za wagombea zinaweza kujibu hilo jioni moja ukiwa na kompyuta na chai.

Chukua ghasia. Fuata kesi moja ya mgombea mwanamke aliyepigwa au kuvuliwa nguo hadharani, kuanzia kituo cha polisi mpaka ilipofia. Tuambie ilifia dawati la nani.

Na mhoji mwanaume. Mhoji kama mwanamume, si kama "mdau". Mwulize amefikaje pale. Nani alimlipia kampeni. Nani alipika, nani alilea watoto wake miezi sita akizunguka. Mwulize mila zilimsaidiaje. Kwa miaka yote hii tumeandika kuhusu mzigo wa mwanamke bila kuandika mstari mmoja kuhusu bega la mwanamke ambalo mheshimiwa amesimama juu yake.

Najua utafiti wa namna hii haupendwi. Mama wa sukumawiki anapatikana kwa urahisi, ana adabu, atakupa kiti na chai, na hatakushtaki. Kinara wa chama ana mawakili. Wafadhili nao wanapenda mradi usio na maadui. Semina ya ujasiri haijawahi kumkasirisha mtu. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuufanya. Maarifa yasiyomkosesha mwenye ufunguo hata usingizi wa dakika tano yanasaidia kazi gani?

Uchaguzi unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Lakini nimeshakwambia, wengi wetu tutakuwa tumeshachaguliwa viongozi miezi kadhaa kabla, kwenye hoteli na afisi ambazo hakuna aliyetupa nauli ya kwenda. Nenda huko. Beba daftari. Simama karibu na mlango kiasi cha kusikia. Na ukikutana na mwanamke anatoka, mkono mtupu, macho makavu kwa hasira, usimwulize ni nini kilichomzuia. Mwulize ni nani, na uandike jina hilo kwa ukamilifu.